Habari Aliyoisoma Fanuel kwa Mdomo Wake

Saa tano na nusu asubuhi basi la kutoka Kisumu linasimama mbele ya maduka ya Migori. Utingo anatupa bunda la magazeti chini, na Fanuel Mireri analiokota kabla vumbi halijatua. Anakata kamba kwa meno, anavaa miwani, anaketi barazani na kuanza kusoma kwa sauti.

Mbele yake pana mabenchi mawili. Leo wameketi watu watatu. Wawili wanasubiri basi ligeuze. Wa tatu amesinzia.

"Zamani mtu akichelewa alisimama," anasema Fanuel. "Hata huko nyuma walisimama."

Ana miaka hamsini na minane, na ameuza magazeti hapa tangu 1954. Wasiojua kusoma aliwasomea bure, kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kijaluo, na Kikuria kidogo alichookota sokoni. Mwaka wa uhuru aliuza nakala sitini kwa siku. Mwaka huu wa 1968 hazifiki ishirini.

Walioondoka wamehamia kwenye redio ndogo za betri. Monari, fundi cherehani wa mlango wa pili, alinunua yake mwaka juzi. Ikifika saa ya habari, baraza lake hujaa hadi barabarani.

Fanuel hamlaumu. "Redio ina habari za leo, mimi nina za jana. Nani atanunua samaki wa jana?" Kisha anaongeza, "Lakini redio haiulizwi swali. Inasema, inanyamaza, inapiga muziki."

Kuna sababu nyingine iliyowapunguza wasikilizaji wake, na yeye mwenyewe haifichi. Ni ile mashua ya Sori.

Mwezi wa tatu mwaka jana mashua iliyotoka Muhuru ilipinduka ziwani karibu na Sori, wakafa watu sita. Siku mbili baadaye gazeti moja liliandika kwa herufi kubwa kwamba waliozama walikuwa watu wa magendo, na magunia yao yalionekana yakielea. Fanuel hapendi gazeti hilo litajwe. Majina ya waliokufa yalichapishwa, na la tatu lilikuwa Mwikwabe, mwashi.

Ilikuwa siku ya soko. Fanuel aliisoma habari yote, kichwa hadi mkia, kwa lugha tatu. Aliyafikia majina, akasikia mwanamke akipiga yowe nyuma ya watu. Alikuwa Bhoke, muuza ndizi kutoka Mabera, mke wa Mwikwabe. Kwamba mumewe alikuwa amekufa alikuwa amekwisha kuambiwa. Kwamba alikufa akiwa mwizi wa ushuru, alilisikia pale.

"Mimi nilisoma tu," anasema Fanuel. "Lakini mdomo ulikuwa wangu."

Kwenye mazishi ya Mwikwabe walikuja watu wachache. Waashi aliofanya nao kazi miaka mingi hawakuonekana. Kila mmoja aliogopa kuulizwa alijua nini. Sokoni wanawake walisogeza vikapu vyao mbali na vya Bhoke.

Fanuel hakulala vizuri. Tangu mkewe Roseline afariki mwaka wa 1962 anaishi peke yake, na wanawe wako Nakuru. Hakuwa na mtu wa kumwambia, "Wacha, si kosa lako." Wiki ya tatu alifunga baraza, akaenda Sori.

Huko alimpata Helen, muuza omena, dagaa wa ziwani, aliyeokolewa siku ile akiwa ameshika kipande cha ubao.

"Magunia yalikuwa yangu, mzee," Helen alimwambia. "Omena. Kila mtu Muhuru aliniona nikiyapakia. Huyo mwashi alikuwa na sururu na pima maji, basi. Alikuwa ametoka kujenga darasa."

"Mtu wa gazeti ulimwambia hivyo?"

"Mtu gani wa gazeti? Hapa hajakuja mtu."

Fanuel aliandika barua kwa mhariri. Haikujibiwa. Akaandika ya pili, na ya tatu. Baada ya miezi minne gazeti lilichapisha sahihisho: mistari minne, ukurasa wa saba, chini ya tangazo la sabuni.

Alisimama barazani na kulisoma kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Watu walikuwa kwa Monari. Mmoja aligeuka na kumwambia, "Mzee Fanuel, hiyo ni habari ya zamani."

Kesho yake alipanda basi hadi Mabera, akamsomea Bhoke uani kwake. Bhoke alimwomba arudie. Aliporudia, mama huyo aliitazama karatasi kwa muda.

"Ule uongo ulikuwa mrefu," alisema. "Mbona ukweli ni mfupi hivi?"

Fanuel alianza kuikunja ile karatasi.

"Basi usinisomee tena," Bhoke alimwambia. "Nifundishe."

Toka siku hiyo Fanuel hasomi habari bila kusimama njiani. Nani amesema? Alikuwepo? Upande wa pili umeulizwa? Wengi walichoka. Walitaka habari, hawakutaka darasa, na fundi Monari alikuwa na kiti cha bure.

Bhoke hakuchoka. Kila siku ya soko, akimaliza ndizi zake, huja kuketi na Fanuel kwa saa nzima. Leo kidole chake kinatambaa chini ya mstari. "Se-ri-ka-li i-me-se-ma," anasoma, halafu anainua uso. "Nani, huko serikalini?"

Fanuel anacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Haikuandikwa, mama."

"Basi tungoje tujue," anasema Bhoke, na kidole kinaendelea.

Anapoondoka, Fanuel anaeleza mpango wake: kufikia Krismasi, Bhoke awe anasoma ukurasa mzima bila kusaidiwa. Na baada ya hapo?

"Hatakuja tena," anasema. "Atanunua gazeti lake, apande basi, akasome kwake."

Anakunja nakala ambazo hazikuuzwa.

"Ndivyo ninavyotaka."