Msomaji wa Matangazo ya Vifo

Kazi yangu ni kuwashawishi watu wafanye yale ambayo utafiti umekwisha kuthibitisha. Ofisini kwetu, mtaa wa Himbi, inaitwa mawasiliano ya kimkakati, na jina hilo hupendeza sana mikutanoni. Nyumbani halikuwa na uzito wowote. Mama yangu, mwanamke wa Butembo aliyezaliwa akibisha, alikuwa akinywa maji ya ziwa kama yalivyochotwa, na kipindupindu kilikuwa kikizunguka mtaani. Vidonge vya klorini nilivyomletea alivisukuma nyuma ya sufuria. Eti vinaharibu chai. Alikwisha kuugua mara moja, na niliogopa kumzika.

Basi kazini tukawauliza watu, kuanzia mjini hadi kambi za wakimbizi za Kanyaruchinya, ni sauti ipi ya redio wanayoiamini zaidi. Nilitarajia daktari, au padri. Wengi walimtaja mzee anayesoma matangazo ya vifo. Nikafurahi, maana jibu wazi namna hiyo ni nadra katika utafiti, na nikamwita studio arekodi tangazo letu la vidonge vya klorini.

Mzee alisoma vizuri mno, ila hakuweza kuanza bila maneno yake ya miaka yote: "Tunawatangazia ndugu, jamaa na marafiki..." Nikimsihi ayaache, anaomba radhi, anakohoa, kisha anaanza vilevile. Mwishowe nikasema liwalo na liwe.

Asubuhi tangazo liliporushwa nilikuwa jikoni na mama. Aliposikia ile sauti tu, akaepua chai na kujifunga kitenge cha pili, cha kwendea msibani. Jirani yetu akaingia mbio, naye kajitanda tayari.

"Ni nani amekufa?"

"Nyamaza. Hajafika kwa jina."

Wakasikiliza, mikono mashavuni. Maji ya ziwa, kidonge ndani ya dumu, funika, ngoja nusu saa. Nadhani hakuna ujumbe wa afya uliowahi kusikilizwa kwa heshima kiasi kile. Kisha ukaanza muziki, na marehemu hakutajwa.

"Sasa kilio iko kwa nani?" jirani akauliza.

Mama hakujua. Mimi niliyejua nilikuwa nimeinamia kikombe changu, nikiwaza nitamweleza nini mkuu wangu kama mji mzima umejifunga vitenge. Jirani akaenda kuulizia nyumba ya pili.

Ndipo mama akapeleka mkono nyuma ya sufuria, akatoa kidonge, akakitumbukiza ndani ya dumu na kulifunika. Nilifurahi, na nikaona wivu pia.

"Mama, si ndicho nilichokuomba miezi yote hii?"

"We mutoto yangu, unasemaka 'pengine', unasemaka 'utafiti unaonyesha'." Akaketi kungojea nusu saa yake, kitenge cha kilio bado kiunoni. "Ule muzee hajanidanganyaka. Kila mutu mwenye alitangaza amekufa, nilienda kwa kilio, nikakuta amekufa."