Mtunza ghala aliyepiga ngoma mawe ya kambi

Saa moja asubuhi, Pantaleo Makoye ameketi juu ya debe ndani ya ghala la kambi ya utafiti wa madini, nje kidogo ya Katoro, akiandika namba kwenye mawe kwa rangi nyekundu ya mafuta. Chaki ameapa hataigusa tena.

"Chaki nusura inirudishe kwetu Didia na watoto saba," anasema, huku akipuliza jiwe namba 41 likauke.

Mawe hayo 64, marefu na ya mviringo kama mihogo, yalichorongwa na mashine hadi mita mia moja chini ya ardhi. Kila moja lina kina chake. Yakichanganyika, wataalamu hawatajua dhahabu iko wapi, na kazi ya miezi minne inageuka kifusi. Kwa miaka tisa kazi ya Pantaleo imekuwa hiyo tu: yasichanganyike.

Lakini Pantaleo ni Mgika. Usukumani, Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma, hushindana kila baada ya mavuno, na mcheza ngoma akisikia kitu kinalia, mikono humwasha. Mawe yale yanalia. Mengine kama kengele ya kanisa, mengine yanakohoa tu.

Jumamosi moja ya Agosti mwaka huu, 1982, mwanajiolojia Herman, bosi wake, akiwa Shinyanga, Pantaleo aliandaa ngoma ya aina mpya. Hakuna wimbo, hakuna mazoezi. Yeye angegonga mawe kuanzia la juu hadi la chini kabisa, na wenzake, Otmar mwenye ngoma na Kamili mwenye filimbi, wangejibu chochote kitakachowajia.

"Nilitaka watu waisikie ardhi inavyoshuka," anasema.

Ili yalie vizuri, aliyaosha. Yakang'aa. Namba zote za chaki zikaenda na maji.

Hakugundua mpaka makofi yalipokwisha, mawe yote yakiwa lundo moja. Bosi angerudi Jumatatu. Otmar alikumbuka mwanzo tu. Kamili hakukumbuka chochote, maana alipuliza amefumba macho.

Aliyemwokoa ni mpishi wa kambi, Nyamizi, au Mama Salvina, Mgalu damu damu. Alikuwa amekuja kukariri kila kitu ili kundi lake likawaigize sokoni na kuwacheka.

"Gashi, kumbe ni hilo tu, Baba Stanslaus?" akamwambia Pantaleo. "Lete lundo."

Akagonga jiwe moja moja. "Hili la kwanza, ulijifanya padri. Hili, Otmar alipiga chafya. Hili, Kamili alilia kama mbuzi aliyekanyagwa." Jumapili ikaisha, misa ikampita Nyamizi.

Baadaye Pantaleo alimweleza bosi ukweli. Herman akayapima mawe upya, akakuta yote mahali pake. Kisha akaenda kununua rangi nyekundu.

Nyamizi alidai malipo ya aina moja tu: Pantaleo akae mstari wa mbele kwenye ngoma ya Bagalu, apige makofi. Alikaa.

"Iliniuma," anasema. "Halafu walicheza vizuri. Hapo ndipo iliponiuma zaidi."

Mwakani anataka kurudia, maana mashine bado inachoronga. Nyamizi ameshaalikwa.

"Watu mia mbili walinipigia makofi, hakuna aliyekumbuka hata jiwe moja," anasema. "Yeye alikuja kunicheka, akayashika yote. Nani mwingine nimpigie?"

Kutoka jikoni sufuria inagongwa mara tatu, kumwita chai. Pantaleo anainua kichwa, anausikiliza mlio.

"Jiwe la kumi na saba," anasema, na kuweka brashi chini.