Mzamiaji wa Malindi Ampeleka Mkewe Mnemba

Saa moja asubuhi, tishali, mashua pana ya mizigo, limefungwa kwenye gati la Malindi, Unguja, na makuli wamekaa juu ya magunia, wanasubiri. Jana jioni mnyororo wa nanga ulikatika ukazama, na kazi haiwezi kuanza mpaka upatikane. Ukingoni amesimama mwanamume mrefu aitwaye Msabah, kamba mkononi. Macho yake yako kwenye maji lakini hayatazami kitu. Anasikiliza kwa viganja.

Chini yake, ndani ya maji yenye rangi ya tope, yumo shemeji yake, Jecha Mkadam.

Kamba inatikisika. Msabah anailegeza kidogo. Inatulia, inatulia sana, hata kuli mmoja anaacha kutafuna. Kisha inavutwa mara tatu, na Msabah anaanza kuipandisha taratibu, mkono juu ya mkono. Jecha anaibuka na mtungi wa hewa mgongoni, tope limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Nshaufunga," anasema. "Uvuteni."

Makuli wanainuka na kushika kamba nyingine. Hakuna anayempongeza, na yeye hangojei pongezi. Anakaa juu ya gunia, anainamisha kichwa upande wa kushoto na kupigapiga sikio ambalo halisikii tena.

"Watu hudhani mzamiaji huona maajabu," anasema. "Hapa Malindi huoni hata kidole chako. Nnapapasa tu. Mnyororo naujua kwa kuushika, mwamba naujua kwa kuushika. Nikirudi nyumbani mke wangu akiniuliza nimeona nini, sina la kumwambia."

Jecha, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, ni mzaliwa wa Matemwe. Alikuja mjini kabla ya Vita Vikuu vya Pili kufanya ukuli. Siku moja kasha la vyombo liliponyoka likatumbukia baharini, na yeye, bila ya kutumwa, akavua kanzu akalifuata. Wiki iliyofuata kampuni iliyokuwa ikiokoa mizigo bandarini ilimwita. Alivishwa vazi zito la turubai, viatu vya risasi na kofia kubwa ya shaba, akateremshwa chini huku watu wawili wakimsukumia hewa kwa pampu kupitia mpira mrefu.

Kazi hiyo ndiyo iliyomwezesha kuoa. Mkewe, Bi Kidawa, ni dada yake Msabah, na anasifika mtaani kwao kwa kushona kofia za viua, zile zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi. Wana binti mmoja, Tabia, anayesoma.

Mwezi wa Mei mwaka jana, kazi hiyo hiyo nusura imuue.

Siku hiyo Jecha alikuwa chini akiondoa kamba iliyonasa. Tishali likasogea na kuubana mpira wa hewa kwenye ukuta wa gati. Msabah alihisi kamba ikirukaruka mikononi, kisha ikalegea. Akavuta. Walipomfungua kofia, Jecha hakuwa akipumua. Wakamlaza kifudifudi juu ya magunia, wakawa wanamkandamiza mgongo.

Kabla hajarudisha pumzi, mtu mmoja alikwishatoka mbio kupeleka habari mtaani.

Bi Kidawa anasimulia sehemu hiyo akiwa uani kwake, kofia mapajani, sindano inakwenda.

"Nilikuwa hapa hapa. Wakaja wanawake, wakanambia, Kidawa, jikaze, mumeo kenda. Mikeka ikatandikwa. Mtu akenda kuazima sufuria kubwa. Bibi mmoja, mtu mzima, akanivua bangili zangu kwa mkono wake. Nikakaa, nikalia. Nnafikiri nani atakwenda kumwambia Tabia skuli."

Anakata uzi kwa meno.

"Nshalia mpaka sauti imekauka, nnasikia gari la hamali mlangoni. Wamemlaza juu yake, kafunikwa shuka mpaka shingoni. Kaniangalia, kaangalia ile mikeka. Akaniuliza, mbona watu wengi hivi?"

Jecha alikaa kitandani hadi mwezi ukaisha. Sikio la kushoto halikupona. Kampuni iliweka kando mpira na pampu, ikaleta mitungi ya hewa ambayo mzamiaji huivaa mgongoni. Watu wakamwambia Bi Kidawa kwamba sasa mumewe yuko salama zaidi. Yeye hakuona hivyo. Zamani, anasema, angalau alikuwa na mpira unaomfunga na watu wa juu.

Hakumwomba mumewe aache kazi. "Ningemwomba angeacha," anasema. "Kisha angekaa barazani kutwa, ananitazama." Lakini yeye mwenyewe aliacha kupita forodhani. Akienda kwa mama yake alizunguka vichochoroni, njia ndefu, ili asiione bahari. Asubuhi mumewe akitoka, alikuwa akimwitikia salamu bila ya kuinua uso.

"Ilikuwa kama naishi na mgeni," anasema Jecha. "Mgeni mwenye adabu. Chakula tayari, nguo zimefuliwa. Mazungumzo hakuna."

Ndipo wazo la Mnemba likamjia.

Mnemba ni kisiwa kidogo mbele ya Matemwe, hakikaliwi na watu isipokuwa wavuvi wanaopiga dago, yaani kambi, huko kwa siku chache. Jecha alipelekwa na baba yake akiwa mtoto. Anakumbuka kuinama juu ya ngarawa na kuona kivuli cha ngarawa yenyewe kimelala juu ya mchanga chini, na samaki wakipita juu ya kivuli. Miaka yote aliyozamia, hajapata kuzamia mahali penye maji kama yale.

Kila mwaka hupata livu, yaani likizo, ya wiki moja. Mwaka huu wa 1957 alikwenda kwa msimamizi wake, Bwana Abdulla, akaomba mitungi minne ya kwenda nayo.

"Nikamuuliza, huko kuna kazi gani?" anakumbuka Bwana Abdulla. "Akanambia hakuna kazi. Nikamwambia basi rudia tena, maana sijakusikia vizuri."

Msimamizi huyo alikubali kwa sharti moja: Jecha asizame bila ya mtu anayejua kushika kamba. Sharti lilikuwa jepesi, kwa sababu Msabah alikuwa amekwisha kukubali kwenda. Bi Kidawa, kwa upande wake, alikuwa amekwisha kukataa. Alisema atabaki na Tabia.

Mwezi wa Septemba mpango ukavunjika. Bandarini walisema mzamiaji na mshika kamba wake hawawezi kupewa ruhusa pamoja, na kwamba Msabah atahitajika kwa kazi nyingine wiki ile ile. Jecha alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba safari haipo tena. Akakaa kwenye kizingiti, akavua viatu.

Bi Kidawa aliendelea kushona. Baadaye, bila ya kumtazama, akauliza:

"Hiyo kamba, inasema nini?"

"Kamba gani?"

"Ya Msabah. Anajuaje unataka nini?"

Jecha akamweleza. Mvuto mmoja, niko salama. Miwili, nilegezee. Mitatu, nipandishe. Mivuto mingi bila ya mpango, nimo hatarini, nivute kwa nguvu zako zote.

"Basi kailete," akasema mkewe.

Alasiri moja, mwandishi wa makala haya alipofika nyumbani kwao, alikuta kamba hiyo imepita chini ya mlango wa chumba cha ndani, ikakata ukumbi mpaka uani. Jecha yuko chumbani, mlango umefungwa. Bi Kidawa ameketi kwenye mkeka, kamba ameizungusha kiganjani, macho ameyafumba. Ndugu yake amesimama nyuma yake.

"Usiikaze hivyo," anasema Msabah. "Ukiikaza unajisikia mwenyewe. Iache ikae."

Anailegeza. Kamba inavutwa mara moja, naye anajibu mara moja. Inavutwa mara mbili, anatoa urefu. Kisha inakaa kimya kwa muda mrefu. Bi Kidawa anaanza kuuma mdomo.

"Mbona hasemi?"

"Anafanya kazi," anajibu Msabah. "Muulize."

Anavuta mara moja. Jibu linakuja mara moja, na mabega yake yanashuka.

Halafu kamba inarukaruka. Bi Kidawa anainuka na kuvuta kwa mwili wote, akirudi nyuma mpaka ukutani. Ndani kunasikika kishindo, kitu kinaanguka, na sauti ya mwanamume ikiomba basi, basi, Mama Tabia, nshafika. Mlango unafunguliwa. Jecha anatoka akichechemea, anajishika goti alilojigonga kwenye mguu wa kitanda, anacheka. Msabah naye anacheka.

Bi Kidawa hacheki. Ameishika kamba bado.

"Nimekupata upesi?" anauliza.

"Upesi," anasema mumewe, na kicheko kinamwisha. "Upesi kabisa."

Ijumaa iliyopita walikwenda Mtoni, nje kidogo ya mji, kujaribu baharini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka jana kwa Bi Kidawa kukanyaga pwani. Aliketi kwenye mtumbwi, buibui amelifunga kiunoni, Msabah yuko kando yake akiwa hana ruhusa ya kugusa kitu. Jecha aliteremka.

"Nilidhani nitalia," anasimulia. "Sikupata nafasi. Nilikuwa nnamsikiliza. Anakwenda, anasimama, anageuka, yote nnayapata hapa." Anaonyesha katikati ya kiganja. "Miaka yote hii akitoka asubuhi ananipotea mpaka jioni. Siku ile hakunipotea hata kidogo."

Msabah, ambaye ameshika kamba ya Jecha muda wote wa kazi yake, anasema dada yake ana mkono mzuri, ila anauliza sana. "Kila mara anavuta kumuuliza kama yu salama. Mtu hawezi kutazama samaki kwa maswali yale."

"Nitapunguza," anasema Bi Kidawa. "Si siku ya kwanza, lakini."

Bwana Abdulla ameridhika kwamba sharti lake limetimia, na wataondoka katikati ya Novemba, bahari inapotulia, kwa gari ya abiria ya shamba mpaka Matemwe. Huko binamu yake Jecha, aitwaye Mcha, atawavusha kwa ngarawa na kubaki nao. Tabia atakaa kwa bibi yake. Mnemba hakuna duka wala kisima cha kutegemea, kwa hiyo kila kitu kinatoka mjini: madebe ya maji, mkaa, mchele, unga, nazi, ndimu, chupa ya achari, na turubai kwa ajili ya mvua za vuli.

Juu ya chakula wamegombana kidogo. Jecha anasema samaki watavua huko huko. Mkewe ameongeza papa mkavu kwenye kapu na hataki kujadiliana.

"Na msipopata?" anamuuliza.

"Tutapata."

"Naam. Na msipopata?"

Kapu limebaki kama lilivyo.

Jecha ana mpango mwingine ambao hajaukamilisha. Ameazima miwani ya maji ya pili, ndogo kidogo, na ameiweka juu ya kabati bila ya kusema ni ya nani. Bi Kidawa ameiona. Anasema hayo yatajulikana kisiwani, na kwamba kwanza anataka kitu kimoja tu.

"Tangu nimjue, huzama kwa kutumwa," anasema, akiichomeka sindano kwenye kofia na kuiweka pembeni. "Mnyororo wa mtu, kasha la mtu, kamba ya mtu. Nnataka siku moja azame asitumwe na yeyote. Akae chini kadiri apendavyo, mie nimemshika. Kisha apande anihadithie kaona nini, na mie nna wiki nzima ya kumsikiliza."