Niliomba Mwenyewe Nisikilizwe na Komini, Sasa Ninaogopa Kujibu

Nina miaka sabini na mmoja. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkaaji wa mtaa wa Kasulo hapa Kolwezi. Sijawahi kupeleka mambo ya nyumba yangu mbele ya watu, na katika kazi yangu niliwaadhibu watoto wengi kwa sababu ya uongo. Ninaomba ukurasa huu unifichie jina, kwa maana Alhamisi ijayo nitasimama tena mbele ya komini, yaani serikali ya mtaa wetu, na sijui kama nitasema kweli.

Jambo lilianza kwa adhabu. Sheria ya komini inakataza mtu kuchimba kobalti katika kiwanja cha makao, nami nilitozwa faini kwa kosa hilo. Jirani wa upande wa mbele aliripoti kwamba kila Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, sauti ya nyundo hutoka chini ya nyumba yangu. Mimi sijashika sururu tangu nizaliwe. Nilikasirika sana. Niliandika kudai nisikilizwe rasmi kabla ya kulipa, nikapeleka barua mwenyewe, nikasimama pale hadi ikapigwa mhuri.

Maofisa wawili walikuja kukagua. Waliinua mikeka, wakasukuma kitanda, wakazunguka ua wote. Hawakuona shimo, ila ufa mwembamba katika sakafu ya chumba cha nyuma. Mmoja akacheka, akaniita tata, yaani baba.

"Tata, kama haiko weye unachimba, ni nani basi? Mizimu inatafuta kobalti?"

"Nyamaza," mwenzake akamwambia. "Mama iko hapa."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Chumba kile kilikuwa cha mwana wetu, ambaye nitamwita Kalala. Alikuwa mchimbaji. Alishuka na wenzake wawili katika shimo la kiwanja kilicho nyuma yetu, na njia yao ikaendelea hadi chini ya nyumba yetu wenyewe. Siku moja ya mvua udongo ulishuka. Wenzake walitoka, yeye hakutoka. Mwenye kiwanja alifunika mdomo wa shimo, nasi tulifanya kilio bila maiti. Padri aliibariki picha yake, basi.

Jumapili baada ya ukaguzi sikwenda misani. Nilikaa katika chumba kile ili nithibitishe kwamba jirani alidanganya. Nyimbo zilipopanda katika makanisa ya mtaa, nikasikia chini yangu mapigo mawili, kimya, kisha pigo moja. Wachimbaji hugonga mwamba ili aliye juu avute kamba, na kila kikundi kina namna yake. Hiyo ilikuwa namna ya kikundi cha Kalala. Alikuwa akiigonga hata mezani akingoja chakula, mama yake akimgombeza.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa amepiga magoti nyuma yangu, sikio lake sakafuni.

"Tata Kalala, sasa na weye umesikia," alisema. "Mi namusikia tangu zamani. Nilinyamaza sababu ungesema niko wazimu."

Lakini mimi nilisikia na jambo jingine, ambalo sikumwambia. Chini ya ufa ule mtu alikohoa, kisha ikapanda harufu ya sigara. Maiti hakohoi. Nilielewa kwamba wenzake Kalala wamerudi kuchimba kupitia kiwanja cha nyuma, ambacho siku hizi kimezungushiwa maturubai. Nilikwenda kubisha huko. Mwenye kiwanja alinijibu langoni, buti zake zimejaa udongo mweusi: "Mwalimu, hapa tunalima mboga tu."

Mke wangu alinisihi: "Ukisema ku komini, batajaza kokoto mule. Batamuzika mutoto wangu akiwa muzima."

Siku ya kikao cha kwanza ikafika. Mwenyekiti alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Alinisikiliza kwa heshima, halafu akauliza, "Mwalimu, weye mwenyewe haujasikia kitu?"

Nilitazama mhuri kwenye barua yangu.

"Sisi ulikuwa unatupiga fimbo tukinyamaza," alisema. Watu walicheka, yeye hakucheka. Alinieleza kwamba njia ya chini ikithibitishwa, watawatoa watu kisha wataijaza kokoto. Nisipojibu, faini inabaki, na jina langu linabaki kati ya wachimbaji wa siri. Akanipa hadi Alhamisi.

Faini ningeilipa. Hata jina langu ningeliacha lichafuke. Lakini ufa unapanuka, na vijana wa watu wako chini yake, na mama zao hawajui. Nikinyamaza, udongo utawashukia kama ulivyomshukia Kalala. Nikisema, kokoto zitafunika mahali alipolala mwanangu, na mke wangu atasema ni mimi niliyemuua.

Niliona afadhali aujue ukweli kutoka kwangu, nikidhani kikohozi kile kitamfungua macho. Jumapili iliyopita nilimketisha karibu na ufa. Mapigo yakaja, mawili na moja. Kikohozi kikafuata, kirefu, cha kifua kibovu.

"Umesikia?" nilimwambia. "Yule ni mtu hai."

Alinitazama, machozi yanamtiririka, uso umefurahi kama siku alipomzaa Kalala.

"Ndiyo ile nilikuwa nakuambia," alisema. "Kule chini kuko baridi."

Akaenda kutoa blanketi sandukuni, akaketi sakafuni, akaanza kulikata vipande vyembamba vinavyoweza kupita katika ufa.

Ninyi mnaosoma, mlio na watoto na mliowazika: Alhamisi nijibu nini mbele ya komini? Na nikisha kujibu, nikirudi nyumbani, nimwambie nini mama huyu?