Sweta ya Mabaki

Mama alinifundisha kufuma nikiwa darasa la sita. Kufuma bila kumaliza pesa nilijifunza mwenyewe, mwaka nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani Kitale kukaa bila kazi. Uzi mpya wa dukani sikuuweza, kwa hivyo nilimzoea mwanamke mmoja nyuma ya soko aliyefuma sweta za shule kwa mashine. Kila alipomaliza oda, mabaki ya uzi aliyatia kwenye gunia na kuyauza kwa kupima, kwa bei ya chini sana.

Nilipoitwa kwa mahojiano ya kazi ya ualimu katika shule moja ya wasichana karibu na Chwele, nilikimbilia kwake. Nafasi ilikuwa moja tu. Je, uzi huu utachuja? Utajikunja ukifuliwa? Utatosha mikono yote miwili? Niliuliza mpaka akasimamisha mashine.

"Mami, si ununue tu! Hata bibi harusi haulizwi hivi."

Nilichukua uzi wa maruni, na kijani kidogo cha kupambia shingo. Nilifuma mikono kwanza, ndipo nikafuma mwili, ili uzi ukipungua sweta iwe fupi tu, isikose mkono. Uzi ulitosha. Nilijiona mjanja.

Siku yenyewe niliondoka Kitale kukiwa na baridi. Nilivaa sketi ya kijivu na blauzi nyeupe yenye doa la wino kifuani. Niliipiga pasi kola peke yake, maana sweta ingeficha kwingine kote.

"Wewe! Saa hii ndiyo unafika?" askari wa lango la shule alinifokea nilipofika. "Ng'oa nyasi na wenzako pale!"

Nilitazama alikoonyesha. Wasichana watano walikuwa wameinama uani, wote wamevaa sweta za maruni zenye mstari wa kijani shingoni. Yale maswali yangu yote, na sikuuliza mabaki yale yalikuwa ya shule gani.

"Nimekuja kwa intavyuu," nilisema.

"Intavyuu! Jana mwingine alikuja ati ametoka kung'olewa jino. Nyasi, bana!"

Vyeti vilikuwa kwenye mkoba. Lakini nikibishana, mwalimu mkuu atasikia kelele na kusema huyu ni mgomvi. Nikivua sweta, doa lile hapo. Na kama askari huyu ni shemeji yake mwalimu mkuu? Niliyafikiria hayo yote huku nimeshaanza kung'oa.

Msichana aliyekuwa kando yangu alininong'oneza, "Wewe ni mgeni? Form ngapi?"

"Nilimaliza."

"Ulimaliza? Sasa umerudi kufanya nini?"

Mara mwanamume mwenye suti na bahasha ya kaki alifika langoni. Askari alimfungulia upesi. "Karibu, mwalimu!"

Nafasi ilikuwa moja. Nilisimama, nikamfuata askari na kumwekea vyeti vyangu mbele ya macho, vikiwa na alama za vidole vya kijani. Alisoma taratibu, akaniangalia, akavua kofia.

"Pole sana, mwalimu. Lakini hiyo sweta si ni yetu?"

"Ni mabaki yenu," nilisema.

Ndani, mwalimu mkuu aliniuliza swali hilohilo kabla ya mengine yote, nami nikamweleza habari ya gunia, ya mikono kufumwa kwanza, hata ya nyasi. Alicheka mpaka akafuta machozi. Maswali ya somo yalipofika, niliyajibu bila haraka.

Kazi niliipata. Jumamosi iliyofuata nilifumua shingo, nikaifuma upya kwa uzi wa kijivu, na ule wa kijani nikauviringisha kuwa donge na kuuweka. Uzi ni uzi.

Siku ya kwanza darasani, yule msichana wa nyasi alikuwa safu ya mbele. Wanafunzi walisimama kunisalimia. Aliitazama shingo ya sweta yangu, akauma midomo asicheke, nami nikageuka kutafuta chaki iliyokuwa tayari mkononi mwangu.