Lushoto: Mama alimuita jirani mwizi wa shamba, kesi ikasikilizwa mtoni kwenyewe

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo poleni na mihangaiko.

Hii siyo chai. Ni jambo la nyumbani kwetu, kijiji kimoja chini ya msitu wa Magamba. Majina nimebadilisha, maana humu kuna Washambaa wenzangu na hamchelewi kupiga simu kijijini.

Mama yangu ni mjane. Anaishi kwa bustani ya mboga bondeni, kabichi na karoti, kando ya mto.

Ng'ambo ni shamba la Baba Elia, mzee wa kanisa, ana ng'ombe wake wa maziwa. Mpaka wa mashamba yetu ni mto huohuo, tangu enzi za babu.

Sasa mumjue mama. Ni mtu wa usafi kupitiliza. Ukingo wa mto upande wake alikuwa anaupalilia mpaka unabaki udongo mtupu, utadhani anasubiri wageni. Kwetu shamba chafu ni aibu, watu wanakuweka kundi la wavivu moja kwa moja.

Kwa Baba Elia ni kinyume. Mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, yameshika ukingo wote mpaka yanaingia kwenye maji.

Basi kila masika mto unahamia kwetu. Mvua ikipiga usiku, asubuhi unakuta tuta la karoti limeondoka.

Ukiangalia kwa utulivu unaelewa. Kule majani yananasa matope, ukingo unanenepa, maji yanakosa njia yanasukumwa huku. Na huku hakuna hata mzizi wa kuyazuia.

Ila nani alikuwa na utulivu? Mama alishaamua kwamba Baba Elia amepanda yale majani makusudi.

"Ameona sina mume wa kunisemea, ananimega kidogo kidogo," alimwambia mjumbe wetu wa nyumba kumi. Akamuita mwizi mbele ya watu. Akaacha na kumsalimia, na wakuu, kwetu kumnyima mtu mzima salamu ni vita kamili.

Maneno yakafika kanisani. Baba Elia akaambiwa akae pembeni na uzee wa kanisa mpaka suala liishe. Mtu mzima anakaa benchi la nyuma kabisa, kainama.

Mama akanipigia simu: "Njoo mwanangu, nisije nikaonewa."

Nikapanda kutoka Korogwe nimewaka. Bustani ile ndiyo iliyonisomesha, na kwa jinsi ilivyokuwa inaliwa, masika machache tu ingebaki hadithi.

Mjumbe akasema hataki kikao cha kwenye viti, twende mtoni. Tukaenda asubuhi, yeye, wazee wawili wa kanisa, Baba Elia na mkewe, mama na mimi.

"Baba Elia, majani haya umepanda wewe?" mjumbe akauliza.

"Sijapanda hata shina moja. Niliyakuta yameota, nikamshukuru Mungu, ng'ombe anakula."

Mama akacheka kwa hasira. "Yameota yenyewe! Na kwangu mbona hayaoti?"

Hapo alikuwa amesimama mwisho wa juu wa bustani, kwenye matuta ya kukinga maji. Pale naye ana mabingobingo yake machache ya kushika udongo, alifundishwa na bwana shamba zamani. Yakitambaa kuingia kwenye mboga, huyang'oa.

Mama hawezi kusimama mikono mitupu. Huku anagomba, akaona shina limeota katikati ya kabichi. Akalinyofoa, akakung'uta udongo, akalitupa mtoni bila hata kugeuka.

Nimemuona akifanya hivyo maisha yangu yote. Tunafanya wote. Takataka ya shamba, mto utapeleka.

Sote tukalisindikiza kwa macho. Likaelea, likazunguka kidogo, likafika kwenye kona, likavuka kwenda ng'ambo. Likanasa kwenye matope ya Baba Elia, pembeni ya mashina mengine yenye alama za jembe la mama, yameshaanza kuchipua.

Kwa msioyajua, bingobingo ukilitupa kwenye matope, umepanda.

Mjumbe akakohoa. Mke wa Baba Elia akaangalia pembeni, na kwa hilo namheshimu hadi leo, maana alikuwa na haki ya kucheka.

Mama akasema taratibu kwa Kishambaa kwamba kumbe ni yeye. Akapandisha kitenge, akavuka maji.

"Shikamoo, Baba Elia."

"Marahaba, mama. Pole."

Nililia wakuu, sifichi.

Jumapili baada ya matangazo mama aliomba kusimama, akamsafisha jirani yake mbele ya usharika wote. Baba Elia akarudishiwa uzee wake.

Majani tumeanza kuyapunguza kidogo kidogo, maana tukiyang'oa yote kwa pamoja ukingo wao nao utaondoka. Yaliyong'olewa ng'ombe anakula, mizizi tunaianika mbali na maji. Palipobaki wazi tumechomeka mikuyu.

Na mama ameacha kupalilia ukingo wake. Wapita njia wanamuuliza kama jembe limemshinda. Inamuuma, namuona, lakini anameza.

Mto haujarudi, na sidhani kama utarudi. Udongo wetu uko ng'ambo, umeiva, mweusi. Baba Elia akamwambia mama avuke akalime, ni wake.

Mama akakataa. "Hapana. Huo nimekuletea mwenyewe."

Nilichojifunza ni kwamba mto haujui mpaka wa babu, unakwenda kule mimea ya kando inakouruhusu. Na sisi ndio tunaoamua, mara nyingi bila kujua, kipi kiote wapi.

Wenye uzoefu wa mabondeni, Bungu, Amani na kwingineko, kwenu mnaotesha nini ukingoni? Na mama kakosea kukataa ule udongo? Semeni. Ila kama na nyie mnatupa magugu mtoni, kabla ya kumcheka mama yangu shukeni kwanza mkaone yanatua kwa nani.