Fomu Niliyoijaza kwa Jina la Mjomba

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru nilipata nafasi katika chuo cha ualimu, na ada hatukuwa nayo. Msaada ulikuwapo, ila ilibidi ujaze fomu na kuipeleka ofisi ya elimu, Kilosa mjini. Nikaijaza vibaya. Nasema hivyo kana kwamba wino ulimwagika. Ukweli ni kwamba niliijaza kwa makusudi, kwa mwandiko wangu mzuri, huku nikijiona mjanja.

Fomu iliuliza jina la baba, kisha mlezi, kazi yake, nyumba yake, shamba lake. Baba alikuwa mkata mkonge huko Rudewa. Alikuja zamani kutoka mbali, akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akaoa na kubaki kambini, na shuleni wenzangu waliniita mtoto wa manamba. Mama alikuwa mtu wa milimani, Lumuma, na kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye mwenye kauli juu yake. Basi nikapata pa kujifichia. Nikamwandika mjomba: mkulima, nyumba ya bati, mashamba mawili bondeni.

Kwa mila sikudanganya. Lakini mjomba hakuwahi kuninunulia hata daftari, na watoto wa dada zake wengine walikuwa wamemjaa nyumbani. Mjinga mimi, nilidhani ofisi inatafuta watoto wa watu wa maana. Haikunijia akilini kwamba inatafuta wasio na kitu.

Jibu likaja: mlezi anajiweza, ombi limekataliwa. Baba hakujua kusoma. Nikamwambia wamekataa tu, sababu sijui.

"Hawajaniona hao," akasema. "Wakiniona watanielewa."

Akavaa shati lake la kanisani, tukaenda Kilosa.

Ofisini tulikuta foleni, na kwenye foleni hiyo wavulana wawili niliosoma nao. Bwana Elimu alikuwa kijana bado. Alimwamkia baba shikamoo, baba akaitikia marahaba, faili likafunguliwa.

"Mzee, hapa mlezi ni mkulima wa Lumuma, mwenye nyumba ya bati. Ndiye wewe?"

Baba akanigeukia. Sikumtazama usoni. Niliitazama mikono yake, ilivyochanwachanwa na miiba ya mkonge, nikamwomba Mungu amfanye aiweke nyuma, wale wenzangu wasiione. Hiyo ndiyo dua niliyoomba saa ile, mtoto wa misheni mimi, niliyefundishwa kusali tangu darasa la kwanza.

"Mwombaji akikosea tunasahihisha," Bwana Elimu akasema kwa upole. "Na mwisho ni leo. Ila akiwa amedanganya, hata nafasi ya chuo inakwenda."

Baba aliliangalia lile faili. Nadhani alikuwa anapima nikiitwa mwongo nitapoteza nini.

"Mimi simo kwenye hayo makaratasi, bwana," akasema. "Nimemsindikiza tu."

Bwana Elimu hakuridhika. Akanigeukia mimi, kalamu ikiwa mkononi, tayari kufuta. "Ni kweli, kijana?"

Nilitakiwa kusema maneno machache tu: huyu ni baba yangu, nimekosea. Yule bwana alikwisha kutambua, na alikuwa ananipa nafasi. Nyuma yangu mmoja wa wale wavulana akakohoa.

"Ndiyo," nikasema. "Amenisindikiza."

Faili likafungwa, na habari ya chuo ikaishia hapo. Niliumia, lakini si kwa ajili ya chuo. Nilitamani anipige kofi mbele ya foleni nzima, tumalizane.

Hakunipiga. Tulipovuka reli, akauliza bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua, "Pale penye jina la baba, uliandika nini?"

"Nilipiga mstari," nikasema.

"Sawa," akasema, akatangulia.